Mchumba wa Kwenye Fomu

Tarehe tano Januari, saa nne asubuhi, foleni ya kurudisha bidhaa katika lile duka kubwa ilikuwa imeshapita rafu za sabuni na kukata kona kwenye rafu za taulo. Huyu kakumbatia pasi, yule kabeba seti ya vikombe ambayo utepe wake mwekundu bado haujafunguliwa. Nyuma ya kaunta alikuwepo dada mmoja mwenye shati la kijani la duka, nywele kazisuka mistari myembamba kuelekea kisogoni, kalamu kaichomeka juu ya sikio. Kiti alikuwa nacho, ila hakikumsaidia. Alikaa, akasimama, akapanga mihuri, akakaa tena, akasimama.

"Una risiti?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ninayo."

Sauti ilikuwa nzito na ya upole. Boksi lilisukumwa mbele yake. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi. Akavipindua, akatazama soli.

"Hivi vimetembea."

"Kidogo tu."

"Vimetembea wapi?"

"Chumbani hadi sebuleni." Mwenye viatu alijikuna kidevu. "Na kanisani. Na kurudi."

Hapo ndipo dada yule alipoinua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu, bisibisi tatu mfukoni, alama ya grisi shingoni ambayo pengine hakuijua. Alikuwa akitabasamu kwa haya, kama mtu aliyekutwa akichungulia sufuria ya jirani.

"Kaka, kiatu kikishakanyaga nje hatukipokei."

"Najua. Nilikuwa nabahatisha."

"Kwani vinakubana?"

"Havibani. Kinachobana ni Januari."

Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaangua kicheko. Dada wa kaunta alijikaza, lakini mdomo ulimsaliti. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mlinzi wa mlango wa nyuma anavaa namba hiyohiyo, na jana alikuwa akilalamika kwamba viatu vyake vinaingiza maji. Mimi sijakwambia kitu."

Dakika kumi baadaye yule mwanamume alirudi, mikono mitupu, akapunga kwa mbali. Wiki iliyofuata akaja tena, akapanga foleni nzima hadi mbele.

"Una risiti?"

"Sina. Leo sikuja kurudisha, nimekuja kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Namba ya simu."

"Hiyo haina punguzo, kaka."

"Nitalipa bei kamili."

Akampa. Mwenyewe alijishangaa.

Mwanamume yule alikuwa fundi wa lifti. Siku zake zilipita juu ya mapaa na ndani ya mashimo marefu yenye giza, akikagua kamba za chuma na kusikiliza mota. Kila mtu alimwita Fundi, hata dada yake wa tumbo moja. Naye Fundi akampa yule binti wa kaunta jina ambalo halikumtoka tena: Risiti.

"Risiti wangu, umekula?" alikuwa akimpigia saa saba mchana, upepo ukivuma kwenye simu.

"Nimekula. Wewe uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya kumi na tano. Nakuona kutoka huku."

"Muongo."

"Umevaa shati la kijani."

"Nalivaa kila siku, Fundi."

"Basi nakuona kila siku."

Jioni walitembea. Risiti hakuwa mtu wa kukaa mahali. Kwenye mkahawa alimaliza chai ikiwa bado inachoma na kuanza kutazama mlango. Kwa hiyo walizunguka mitaa, wakipita vioo vya maduka, mafundi simu, wauza maua, hadi miguu ikachoka. Mwezi wa nne, wakiwa juu ya daraja la waenda kwa miguu, magari yakipita chini yao, ndipo alipomweleza.

"Kabla sijafika miaka kumi na tano tulishahama nyumba tisa. Baba hakuwa mlevi, wala hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa zawadi. Kila Krismasi nyumba ilijaa. Magauni, viatu vya kumeta, mwanasesere anayefumba macho. Watu wa mtaa mzima walimpenda. Mwezi wa pili mwenye nyumba anagonga, mwezi wa tatu tunafunga mizigo. Mpaka leo nikikaa mahali kwa muda mrefu nasikia kama kuna mtu atagonga."

Fundi alimshika mkono, wakaendelea kutembea. Moyoni aliona haya, maana aliijua Krismasi ya namna hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa zawadi nyumbani kwao. Mwaka wa kwanza wa kazi alimnunulia mama yake redio. Uliofuata, sofa. Uliofuata, televisheni, na zawadi za watoto wa dada yake juu yake. Mama yake alikaa pale sofani majirani wakija, akisema "mwanangu" kwa namna ambayo Fundi asingeibadilisha kwa kitu chochote duniani. Kila Januari alikula mkate mkavu na kutembea kwa miguu kwenda kazini, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa kumi Risiti alitoa daftari kwenye mkoba.

"Sikiliza mpenzi. Krismasi hii tuandike majina kwenye vikaratasi, tuvikunje. Mama, dada yako, mabinti wake wawili, mimi, wewe. Kila mtu anaokota jina moja, anampa huyo mmoja zawadi moja. Na bei isizidi bei ya mwavuli mzuri."

"Mwavuli?"

"Mwavuli mzuri. Siyo ule unaogeuka na upepo."

Fundi akacheka. "Sawa."

"Sawa hivihivi? Utamwambia mama lini?"

"Jumapili."

Zikapita Jumapili sita. Kila mara alipofika kwa mama yake alikuta jirani amekaa sofani, au mpwa wake mkubwa akimuuliza sikioni, "Mjomba, ile baiskeli uliyoniahidi itakuwa na kengele?" Ulimi ukawa mzito. Akawa anajibu, "Itakuwa nayo."

Wiki ya pili ya Desemba duka lilijaa taa ndogondogo na muziki wa kengele usiokwisha. Simu ya kaunta ikalia. Alikuwa dada wa mikopo, mwenzake wa siku nyingi, ambaye dawati lake lilikuwa ghorofa ya pili, karibu na majiko na mafriji.

"Mwenzangu, umetajwa huku."

"Nimefanya nini?"

"Kuna mteja kakuandika kama mtu wa kuulizwa. Ni utaratibu, lazima nikuulize. Unamfahamu kwa muda gani?"

Akalitaja jina kamili, lile la kwenye kitambulisho. Risiti akaiweka mihuri chini.

"Miezi kumi na moja."

"Kwenye uhusiano kaandika mchumba. Ni kweli?" Dada wa mikopo alisikika akifurahi. "Na wewe kunificha mimi."

Mteja mbele ya kaunta alikuwa akiongea kuhusu blenda isiyosaga. Risiti hakumsikia.

"Kachukua nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Dada."

Upande wa pili sauti ikashuka. "Friji la milango miwili. Baiskeli mbili za watoto. Na kitu kingine kidogo ambacho sikuambii hata unibane. Analipa kila mwezi mpaka Septemba. Sasa niandikeje, ni mchumba au si mchumba?"

"Andika kwamba namfahamu. Hapo pa uhusiano acha wazi."

Akaomba dakika tano, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kando ya mapipa ya makaratasi na kumpigia.

"Mpenzi wangu," Fundi alipokea huku akihema. "Niko ghorofa ya kumi na mbili, naning'inia. Sema."

"Ulimwambia mama kuhusu vikaratasi?"

Alichelewa kidogo tu, kama mtu anayeshusha spana. "Nilimwambia. Kafurahi sana." Akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomuuma.

"Friji litafika lini, Fundi?"

Ulisikika upepo, na chuma kikigonga chuma.

"Risiti, sikia."

"Usiniite hivyo leo."

"Nilitaka nikueleze."

"Lini? Mwezi wa pili?"

"Ni mwaka huu tu. Mama alishazoea, watoto nilishawaahidi. Mwaka huu mmoja, halafu basi."

"Baba yangu aliyasema hayohayo kila mwaka. Na huyo mchumba ni nani? Maana naona fomu imeambiwa kabla yangu."

"Ile namba yako ndiyo pekee ninayoikumbuka bila kuangalia simu," alisema taratibu. "Na walisema mara nyingi hawapigi. Nilitaka kukushtukiza. Nilitaka siku ya Krismasi..."

"Hicho kitu kidogo ni pete?"

Kule juu chuma kikaacha kugonga.

"Pete ya mkopo. Kwa hiyo mpaka Septemba ningetembea na kidole ambacho ni cha duka ninalofanyia kazi. Mimi nimeshaishi kwenye zawadi, Fundi. Siwezi kurudi huko. Shuka salama."

Akakata.

Fundi alipiga mara kumi na nne siku ile. Risiti aliiacha simu iite ndani ya droo. Kaunta ilimshinda: aligonga muhuri kichwa chini miguu juu, akamrudishia mteja chenji ya mtu mwingine. Chumbani kwake alilipanga kabati, akalipangua, akalipanga upya. Alitoka kwenda kununua mkate, akazunguka mitaa mitatu, akarudi bila mkate. Ujumbe ulipoingia aliukimbilia, na alipoona ni wa Fundi aliufunika kwa mto. Alikuwa na hasira naye, na alimtamani, na hayo mawili hayakukubali kukaa chumba kimoja.

Fundi naye hakuwa na utulivu. Kazini aliambiwa ashuke chini kwa sababu alikuwa amesahau kufunga mkanda wa usalama. Jumapili mchana akaenda kwa mama yake. Alimkuta peke yake jikoni, kavaa gauni la maua lililofifia na kitambaa kichwani, anachambua mchele kwenye sinia. Hakusubiri kukaribishwa kukaa.

"Mama, nimechukua friji la milango miwili kwa mkopo. Litaletwa Jumatano."

Vidole vya mama vikasimama. "Friji la nini?"

"Lako."

"Ninalo friji."

"Lile dogo, mama."

"Naishi peke yangu, mwanangu. Friji langu lina maziwa na dawa ya macho. La milango miwili nitaweka nini upande wa pili, nilale?"

Fundi akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Akamwambia yote. Kuhusu sofa iliyomchukua miezi saba kuilipa, kuhusu viatu vilivyouzwa kwa mlinzi, kuhusu Januari za kutembea kwa miguu. Mama alimsikiliza huku akizungusha sinia polepole magotini.

"Lile koti nililokupa mwaka jana," akasema mwishowe, "mbona silioni ukilivaa?"

"Ni zuri mno kwa kazi yangu. Naliweka."

"Nilimaliza kulilipa mwezi wa tisa."

Fundi akamtazama kama hajasikia vizuri.

"Nilikuwa nakopa kwenye kikundi chetu cha akina mama," mama aliendelea. "Kila Desemba. Wewe unaniletea sofa, mimi nikupe soksi? Niliona haya. Ile saa, lile begi la ngozi, lile koti. Mwaka huu nilishaomba tena, wanajibu kesho."

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Nje mtu alikuwa akiburuta kiti. Mama alianza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika, hadi punje za mchele zikaruka sakafuni, na Fundi akacheka naye ingawa macho yalikuwa yamelowa.

"Tumekuwa tukikimbizana miaka yote hii," mama alisema akijifuta. "Na aliyeanza ni wewe na redio yako. Haya, yule binti wa kaunta ndiye aliyekutuma?"

"Haongei na mimi."

"Kwa sababu ya friji?"

"Friji, na uongo. Na pete."

"Pete nayo ulikopa?"

"Ndiyo, mama."

Mama aliliinua sinia magotini. "Ungekuwa mdogo ningekupiga na hili sinia. Inuka, kesho asubuhi uwe wa kwanza pale dukani."

Alikuwa wa kwanza. Na kama ilivyotokea, siku hiyohiyo lifti kubwa ya duka iligoma watu wakiwa wamejaa pomoni, na aliyetumwa kuitengeneza alikuwa yeye. Kuanzia saa nne Risiti alisikia nyundo zikigonga nyuma ya ukuta wa kaunta yake. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Kila kishindo kilimpanda mgongoni. Saa saba aliichukua katoni ya bidhaa zilizorudishwa, ambayo ingeweza kabisa kusubiri, akaanza kupanda nayo ngazi kwenda stoo.

Alimkuta pale ngazi zinapokata kona baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, amekaa na chupa ya chai na kipande cha mkate ambacho hakikuwa kimeumwa. Fundi akasimama haraka, akampokea katoni. Wakabaki wameishika wote wawili.

"Nimefuta ule mkopo," alisema. "Wote. Nilikatwa kidogo, lakini umefutwa. Karatasi ninayo."

"Na baiskeli?"

"Nazo. Mpwa wangu mkubwa haongei na mimi. Dada kasema nimewachezea wanawe." Aliishika katoni vizuri zaidi. "Na pete nimeirudisha. Kwa mama nilienda jana, na huku mikopo nimekuja asubuhi, kabla sijajua kama utanitazama tena usoni. Sitaki uone kama nakununua."

Risiti aliiachia katoni. Wateja wawili walipita kati yao na mifuko, wakiomba radhi.

"Si friji lililoniumiza," alisema walipopita. "Ulicheka. Ulidanganya ukacheka, na baba alikuwa akicheka vilevile akiongea na wenye nyumba kwenye simu. Nikawa mtoto tena. Nikataka kufunga mizigo."

"Sitacheka tena namna hiyo."

"Usiahidi haraka."

"Basi nitajitahidi. Hilo naweza kuliahidi."

Fundi aliiweka katoni chini, akashuka ngazi moja, na nyuso zao zikawa sawa. Risiti alinyoosha kidole, akamfuta grisi shingoni kwa ncha ya mkono wa shati lake la kijani, na doa likabaki kwenye shati.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilikupa daftari, nikakuachia ukamkabili mama peke yako. Kila wiki nakuuliza kama umeshamwambia, kama msimamizi wa zamu. Sikuwahi kusema twende wote."

"Twende wote," Fundi alisema.

Wakaenda kwa mama Jumamosi, na vikaratasi sita vilivyokunjwa ndani ya kikombe. Mambo hayakwenda laini. Dada yake Fundi alikuja amevaa nadhifu, mkoba kapakata, na hakuuweka chini muda wote.

"Kwa hiyo siku hizi wifi ndiye anayetupangia," alisema.

"Nimependekeza tu, wifi," Risiti alijibu. "Ukiona haifai, sema."

"Haifai. Wanangu walishawatangazia wenzao."

"Aliyewaahidi ni mimi," Fundi akaingilia. "Wanikasirikie mimi."

Akawaita wapwa wake, akachuchumaa mbele yao, akawaambia kwamba aliahidi kitu asichokuwa na uwezo nacho na kwamba alikosea. Mdogo alikubali. Mkubwa alitazama ukuta. Dada mtu aliokota kikaratasi chake, akakitia mkobani bila kukifungua, akaondoka na wanawe.

Siku ya Krismasi walikuwa watatu tu hadi jioni. Mama alimpa Risiti shuka mbili za pamba alizozidarizi mwenyewe pembeni, maana jina lake ndilo aliloliokota. Fundi alipata kutoka kwa Risiti kofia ya sufu ya kuvaa juu ya mapaa, akaivaa palepale na hakuivua ingawa kulikuwa na joto. Walikula. Risiti alisimama mara mbili kwenda kuchungulia dirishani, na mara ya tatu Fundi akamfuata.

"Unataka kuondoka?"

"Sijui. Siku hii huwa siwezi kuikaa mpaka mwisho."

Fundi akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. "Sina pete."

"Naona."

"Nitaanza kuiwekea akiba, na sijui itachukua muda gani. Lakini nilichotaka kukuuliza hakihusu pete. Nataka nikuulize wewe, kwa mdomo wangu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Utaolewa na mimi?"

Mtaani chini watu walipita wakiwa na nguo mpya, wakiitana. Risiti aliwatazama kwa muda mrefu hivi kwamba Fundi akaanza kuikunja ile kofia.

"Isiwe Desemba," alisema.

"Nini?"

"Harusi. Mwezi wowote unaotaka. Isiwe Desemba."

"Mwezi wa sita kumbi ni nusu bei," mama alisema kutoka jikoni, ambako vyombo vilikuwa vimeacha kusikika kitambo.

Fundi alijitupa kwenye benchi lililokuwa chini ya dirisha. Risiti akakaa kando yake, bega kwa bega, akicheka na kulia kwa pamoja, na mama akatoka na mikono yenye povu kuwashika vichwa vyao.

Hivyo ndivyo dada mtu alivyowakuta. Alisimama mlangoni saa kumi na moja na nusu, mabinti wake wawili nyuma yake, uso bado haujakunjuka, mkononi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti.

"Niliokota jina la mama," alisema, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa kazini. "Nimeona si vizuri akose."

Risiti alijifuta macho, akasogea hadi mwisho wa benchi, akapapasa nafasi iliyobaki wazi kati yake na Fundi.

"Karibu wifi," alisema. "Kaa hapa."